Barua Ambayo Sitaitia Sahihi



Kuna barua inayozunguka katika jumuiya yetu hapa Columbia. Inapitishwa baada ya ibada ya Jumapili na, naambiwa, hata baada ya sala ya Ijumaa, ikiomba sahihi za wazazi wa Kiafrika. Inataka mambo mawili. La kwanza, bodi ya shule iwazuie wanafunzi wapagani kufanya klabu yao shuleni baada ya masomo. La pili, kaunti isiwape wapagani kibali cha kukusanyika kando ya ziwa siku ile ya Juni ambayo mchana wake ni mrefu kuliko yote. Sababu iliyotolewa ni moja tu, kwamba hao ni wachawi na sisi ni watu wa Mungu. Walioiandika ni watu ninaowaheshimu. Tumezikiana na tumeozeshana. Lakini barua yenyewe ni mbaya, na mhariri amenipa nafasi ya kueleza kwa nini.

Tuanze na hilo neno uchawi. Mfuasi wa Wicca anapojiita kwa Kiingereza jina ambalo kamusi zetu hulitafsiri mchawi, masikio yetu husikia mtu wa usiku, mpanda ungo, mwenye husuda anayeua mtoto wa jirani. Kwetu mchawi hana dini. Mchawi ni mhalifu, na daima tumemtenga na mganga, ambaye mlango wake unajulikana na hubishwa mchana. Wicca ni jambo jingine kabisa. Aliyeitangaza ni Mwingereza, Gerald Gardner, ofisa wa forodha mstaafu aliyefanya kazi Malaya, na kitabu chake kilitoka mwaka 1954. Wafuasi wake huadhimisha majira ya mwaka, jua linapofika mwisho wa safari yake kaskazini na kusini, na siku ambazo usiku na mchana hulingana. Wapo wapagani wengine wanaofuata miungu ya kale ya Wagiriki, ya Wamisri, ya watu wa Skandinavia. Unaweza kuona yote haya ni upuuzi. Mimi Mwanglikana wa kawaida naona majoho yao yamezidi maigizo. Lakini maaskofu wetu nao huvaa kofia zenye ncha, na hakuna aliyewanyima bustani.

Aliyetuchanganyia mchawi na mganga katika kapu moja ni serikali ya mkoloni, kwa Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 na ile ya Tanganyika ya mwaka 1928. Huko kwetu Kilifi neno hilo limekuwa panga. Wazee wenye mvi wanaitwa wachawi, wanauawa, na ukichunguza mara nyingi kisa ni shamba. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wa kuzaa. Neno lenye damu namna hiyo tunalibandikaje kwa msichana wa miaka 15 aliyevaa nyota ya ncha tano shingoni?

Sasa neno la pili, mpagani, ambalo linanigusa zaidi. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mgiriama, na dini yake ilikuwa ya kaya. Alimwomba Mulungu, kama walivyomwomba wazee wake kabla Krapf hajafika Rabai. Baba yangu alipopelekwa shule ya misheni, katika daftari safu ya dini ya mzazi iliandikwa mpagani, na nafasi ya kusoma haikupatikana mpaka mtoto abatizwe. Nusu ya majina ya Kizungu yaliyo kwenye orodha ya wanachama wa jumuiya hii yalipatikana hivyo, ubatizo kwanza, daftari baadaye. Sisemi imani iliyofuata ilikuwa ya uongo. Yangu si ya uongo. Nasema mlango wa shule uliwekwa bei, na bei ilikuwa kumkana baba yako.

Na mahali pa ibada? Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wakala kiapo Kaya Fungo. Mwaka 1914 Waingereza walililipua kaya lile kwa baruti. Ilihitaji karibu karne nzima kwa dunia kubadili mawazo: mwaka 2008 UNESCO iliyaweka makaya ya Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Katikati ya miaka hiyo vigango vya makaburi ya wazee wetu viliibwa, vikauzwa, na vikaishia katika makumbusho za Marekani, vikisifiwa kuwa sanaa. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Basi ibada ya mpagani ikishakuwa kigogo ukutani inatazamwa na watoto wa shule kwa basi zima, lakini mpagani mwenyewe akiwa hai na anaomba saa mbili bustanini, tunatafuta kalamu.

Mtu atasema mambo ya wazee yamepita. Haya, tumchukue mtu ambaye picha yake iko katika kumbi nyingi za sherehe zetu. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma Shule ya Serikali ya Tabora akiwa hajabatizwa. Alibatizwa Desemba 1943, na umri wa miaka 21, akiwa tayari Makerere. Leo Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu. Mngemwandikia barua mkuu wa shule ya Tabora?

Nije kwenye sheria ya hapa tunapoishi, kwa sababu barua hii imeandikwa na watu ambao, nashuku, hawakuuliza nini kitatokea ikikubaliwa. Mimi ni mhandisi wa mabomba, si mwanasheria. Lakini najua kwamba ukifunga vali, maji yanakatika kwa kila nyumba iliyo mbele yake.

Vilabu vya dini katika shule za sekondari za umma vinalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1984. Waliopigania sheria hiyo walikuwa hasa Wakristo, waliotaka vijana wao wasome Biblia shuleni baada ya masomo, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 1990 katika kesi ya shule za Westside, Nebraska. Kanuni yake ni nyepesi: shule ikiruhusu klabu moja isiyo ya masomo, hata ya sataranji, haiwezi kuikataa nyingine kwa sababu ya dini yake. Hiyo ndiyo sheria inayowawezesha watoto wetu Waislamu kuwa na chama chao shuleni, na wetu Wakristo kuomba kabla ya kengele. Bodi isiyotaka kundi moja inabakiwa na njia moja halali, nayo ni kufuta yote. Msidhani nawatisha. Februari 1996 bodi ya Salt Lake City, ikitaka kuzuia klabu moja ya wanafunzi mashoga na marafiki zao, ilifuta vilabu vyote visivyo vya masomo. Na hapa jirani, Montgomery County, Waislamu waliomba Idi itambuliwe katika kalenda ya shule. Novemba 2014 bodi ikapiga kura 7 kwa 1 kuondoa majina ya sikukuu zote za dini, Krismasi ikiwemo. Sisi wa Howard County tulipata bahati kubwa zaidi. Januari 2016 bodi yetu iliingiza mapumziko ya Idi, Diwali na Mwaka Mpya wa Wachina. Nawakumbusha kwamba Wahindu hawa ambao sikukuu yao tunaipumzikia wana miungu mingi kuliko mpagani yeyote wa Columbia. Barua haiwataji. Labda kwa sababu ndio madaktari wetu.

Ndugu zangu Waislamu waliotia sahihi nawaomba wasome habari mbili.

Ya kwanza ni ya Chesterfield, Virginia, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka hapa. Kuhani mwanamke wa Wicca aliomba kuwekwa katika orodha ya viongozi wa dini wanaofungua vikao vya kaunti kwa sala. Alikataliwa, kwamba sala hizo ni za mapokeo ya Wayahudi na Wakristo. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya Richmond, ambayo maamuzi yake yanatufunga na sisi wa Maryland, iliipa kaunti ushindi. Imamu mmoja alikuwa ameshaomba pale, akapendwa, akaalikwa tena. Mahakama ilimtaja kama ushahidi kwamba kaunti haina ubaguzi. Kwa hiyo Mwislamu aliingia ndani kwa kuhesabiwa jamaa wa wenye nyumba. Swali langu ni kama mnaridhika kukaa katika nchi hii kama jamaa aliyekaribishwa, ambaye hesabu yake ya ujamaa inaweza kupigwa upya baada ya uchaguzi wowote.

Ya pili ni ya mbuzi na kuku. Mji wa Hialeah, Florida, mwaka 1987 ulitunga sheria za kuzuia wafuasi wa Santería wasichinje wanyama wa kafara. Dini hiyo ni ya Wayoruba, ilivuka bahari ndani ya meli za watumwa ikafika Kuba. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu, majaji 9 kwa 0, iliziangusha sheria zile, kwa kuwa zilitungwa kuilenga dini moja huku wachinjaji wengine wakiachwa. Miaka 6 baadaye, polisi wawili Waislamu wa Newark, New Jersey, walitakiwa wanyoe ndevu. Mji ulikuwa unawaruhusu wenye maradhi ya ngozi kufuga ndevu, lakini si wenye dini. Mahakama ya rufani iliwapa haki, na hukumu ile ilijengwa juu ya kesi ya Hialeah. Ndevu za Sunna zimeokolewa na kuku wa Mwafrika mpagani! Na hao ndio tunaotaka kuwafungia.

Wakristo wenzangu hawana nafuu. Wengi wetu tunapita Bladensburg, Prince George's, penye msalaba wa futi 40 katika ardhi ya umma, uliojengwa mwaka 1925 kuwakumbuka askari 49 wa kaunti hiyo waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba usimame. Nilisikia shangwe kanisani kwetu. Sawa. Lakini aliyeshangilia msalaba usimame katikati ya njia panda miaka mia hana uso wa kulalamika kwamba watu 30 wamewasha mishumaa kando ya ziwa jioni moja. Tena askari wenyewe si wote wa msalaba. Sajini Patrick Stewart wa Nevada, mfuasi wa Wicca, aliuawa Afghanistan Septemba 2005 helikopta yake ilipoangushwa. Wizara ya maveterani ilikuwa na alama 38 zilizokubaliwa kuchongwa kwenye mawe ya makaburi, hata ya wasioamini Mungu ilikuwamo, lakini nyota yake ya ncha tano ilikataliwa. Mjane wake na wenzake walipambana mpaka Aprili 2007 ndipo serikali ilipokubali. Ukivuka Potomac kwenda makaburi ya Arlington utaziona nyota hizo sasa.

Sikatai kwamba kuna mpaka. Mwalimu mpagani akiwaongoza watoto darasani katika ibada yake nitakuwa wa kwanza kupiga simu, kama ambavyo sitaki mwalimu Mlokole awaombeshe watoto wa Kiislamu. Mpaka huo ulichorwa hapa hapa Maryland: mwaka 1963 shule za Baltimore zilikuwa miongoni mwa zilizoambiwa na Mahakama ya Juu ziache kusomesha Biblia na Sala ya Bwana kama ibada ya asubuhi. Klabu ya wanafunzi wenyewe, baada ya kengele, haiko upande ule wa mstari. Na mzazi asiyetaka mtoto wake ahudhurie ana dawa rahisi, asimpeleke.

Nilitegemea zaidi hekima kutoka kwetu baada ya mwaka 2023, pale wazazi Waislamu na Waorthodoksi wa Ethiopia walipoandamana pamoja Rockville kutaka watoto wao waruhusiwe kutoka darasani vinaposomwa vitabu vinavyopingana na dini zao. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi, 6 kwa 3. Wengi waliobeba mabango siku zile wametia sahihi barua hii. Walidai kwamba serikali haina kazi ya kupima imani ya mzazi ipi ni nzuri. Au ilikuwa imani yao tu?

Hata Nairobi wameshatupita. Januari 2019 msichana wa Kirasta alifukuzwa katika shule moja ya upili Kibera kwa sababu ya nywele zake. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ilisema Urasta ni dini kama nyingine na mtoto arudi darasani.

Mji wetu huu ulifunguliwa rasmi tarehe 21 Juni 1967, siku ile ile ya kiangazi wanayoisherehekea wapagani. Sidhani James Rouse aliangalia kalenda yao. Aliloliangalia ni kwamba madhehebu yashiriki jengo moja, na kituo cha Wilde Lake kilipofunguliwa mwaka 1970 Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi waligawana kuta na maegesho. Wapo waliosema haitawezekana. Jumuiya yetu imefanyia humo misiba na harusi, na sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza ukumbi ulitumiwa na nani jana yake.

Kama tunataka barua kwa bodi ya shule, iko ya kuandika. Tuombe mitihani isipangwe siku za Idi, hata mwezi unapoandama tofauti na kalenda. Tuombe mtoto asiyekuwepo shuleni kwa sikukuu ya dini yake, dini yoyote, apewe nafasi ya kurudia jaribio bila kuulizwa maswali mbele ya wenzake. Sheria za Maryland tayari zinaihesabu sikukuu ya dini kuwa sababu halali ya kutohudhuria, na sehemu hiyo haina orodha ya dini. Barua hiyo nitaitia sahihi, na nitaipeleka mwenyewe. Ile nyingine ikinifikia tena nitamrudishia aliyeileta.