Kitabu Kinachotucheka Sisi Wenye Kanzu



Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba vitabu vya dhihaka, hasa vinavyowacheka makleri, havifai kushikwa na Mkatoliki. Nawauliza: mtamweka wapi Erasmus wa Rotterdam? Huyo alikuwa padre. Mwaka 1509, akiwa mgeni nyumbani kwa Thomas More mjini London, aliandika kitabu cha kuusifu upumbavu, kikachapwa mwaka 1511. Humo Upumbavu, kwa sura ya mwanamke, anapanda jukwaani na kuwataja wafuasi wake: wanateolojia wenye mabishano yasiyomwokoa mtu, watawa wanaohesabu mafundo ya viatu vyao, maaskofu wapenda fahari, hata Mapapa wapenda vita. (Mapadre nasi tumo, msicheke sana.)

Mwaka 1559 Papa Paulo IV alivipiga marufuku vitabu vyote vya Erasmus. Lakini More, aliyetabarukiwa kitabu hicho, ndiye aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumkiri Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Akatangazwa mtakatifu mwaka 1935.

Yako maandishi yanayomdhihaki maskini na mlemavu. Hayo siyatetei kamwe. Bali anayechoma kiburi chetu anafuata nyayo za Eliya, aliyewakejeli manabii wa Baali mlimani Karmeli. Basi wanaotaka kitabu cha namna hiyo kiondolewe maktabani wakisome kwanza hadi kurasa za mwisho, pale Upumbavu anapogeuka na kunena juu ya upumbavu wa Msalaba.