Baiskeli rahisi, urahisi wake umetoka wapi?

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Mimi niliyafuatilia kikazi, nusu nusu. Mdogo wangu wa Mchombe, mtoto wa mama mdogo, aliyafuatilia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka mpaka bando likakata. Tangu siku hiyo nyumba ile haina amani. Anataka baiskeli ya mashindano, zile za tairi nyembamba kama kidole na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume.

Wiki iliyopita kanipigia. "Kaka, nimepata! Iko Ifakara, imetoka Ulaya, jamaa anataka laki na nusu tu. Nitume hela?"

Ana laki moja na themanini aliyoibakiza kwenye mpunga wa msimu uliopita. Hiyo sio akiba ya baiskeli, ndiyo akiba yake yote. Kwa hiyo sikukimbilia kumjibu. Nilimuuliza kitu kimoja tu: kwa nini ni rahisi?

Akanyamaza. Halafu akasema, "Si mtumba, kaka."

Hilo sio jibu wadau. Hakuna kitu kinachokuwa rahisi hivi hivi. Baiskeli ya mkononi ikiuzwa bei ya kutupa kuna sababu, na anayeanza akishindwa kuijua kabla ya kutoa hela ataijua baada ya kutoa. Mimi nimeijua mara mbili, zote baada.

Mara ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo anayoitaka yeye. Niliinunua Dar, nyepesi, ya bluu, gia kumi na mbili. Nikaipakia kwenye basi hadi Ifakara nikijiona mfalme. Mwanzoni ilikuwa raha tupu, maana bonde letu ni tambarare, Udzungwa iko pembeni inakuangalia tu, hakuna kilima cha kukutoa jasho. Siku ya tisa tairi la nyuma likapasuka ubavuni kwenye changarawe. Nikaenda dukani. Nikaenda duka la pili. La tatu mzee akaniambia, "Mwanangu, hilo tairi hapa halipo na wala sijawahi kuliagiza."

Ngoja nieleze hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapoliwa. Tunasema "tairi ya 28" au "tairi ya 26" kana kwamba inatosha. Haitoshi. Angalia ubavuni mwa tairi, utakuta namba nyingine ndogo zenye kistari katikati. Phoenix, Avon, Hero na ndugu zao tuliozoea huku huwa na tairi ya 28 kwa moja na nusu, na namba yake ndogo ni 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. Baiskeli nyingi za mashindano za sasa zinatumia 622. Tofauti ni milimita 13, na hizo milimita 13 ndizo zilizoifanya baiskeli yangu ining'inie ukutani jikoni kwa mama miezi minane. Kuku mmoja alihamia kwenye kiti chake. Huwezi kulilazimisha tairi la 635 likae kwenye ringi ya 622, linatoka, na huwezi kufanya kinyume chake, haliingii.

Hata "26" nazo ni za aina zaidi ya moja. Zile za Kijapani zenye kikapu mbele, ambazo kina mama wengi wanazipenda, mara nyingi ni 26 kwa moja na tatu ya nane, namba ndogo 590. Zile za gia zenye tairi nene la vipara ni 26 pia, lakini namba ndogo ni 559. Zote ishirini na sita, na haziazimani.

Kuna na vali. Tyubu za baiskeli nyingi za mashindano zina vali nyembamba kama msumari, unafungua kikofia kidogo juu ndipo upepo uingie. Pampu ya fundi wa kijijini haiishiki bila kile kipande cha kuunganishia. Na hata ukikipata, tairi la upana wa milimita 23 au 25 linataka upepo mwingi sana, kwa mtu wa uzito wa kawaida inakaribia mara mbili ya lile nene. Ukiliacha laini, kila jiwe linaibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba kama kaumwa na nyoka.

Mtu ataniambia siku hizi unapiga simu Dar, unatuma hela, tairi linakuja na basi. Kweli. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyolipata langu hatimaye. Lakini jumlisha bei ya tairi, nauli ya mzigo na siku ulizotembea kwa miguu, halafu uniambie kama ile laki na nusu bado ni laki na nusu. Baiskeli za namna hii zinakuwa rahisi Ifakara kwa sababu waliozinunua kabla yako wameshagundua hayo.

Naomba nieleweke. Sisemi kijana wa Mchombe asiote baiskeli ya mashindano. Chris Froome aliyeshinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na ujana wake aliendesha na vijana wa David Kinjah kule Kikuyu. Kinjah mwenyewe ni mwendeshaji na anajua kushika spana. Sikiliza hapo: spana. Palikuwa na mtu wa karibu anayejua kutengeneza. Kama unaitaka kweli ya usukani uliopinda, tafuta ya chuma, ya zamani, yenye nafasi kati ya tairi na fremu, ili uweze kuweka tairi la milimita 32 au zaidi. Kidole chako cha shahada kipite pale bila kugusa. Achana na ya kaboni, ikipata ufa huku hakuna wa kuitibu. Ya chuma hata mchomeleaji wa mageti atakuokoa, ingawa kiraka chake kitaonekana kutoka Mlimba.

Sababu ya pili ya urahisi ni uchakavu, na hii haihitaji maneno mengi. Nenda na rula ya mwanafunzi ya futi moja, ile yenye inchi upande mmoja. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, hesabu vipande 24. Pini ya mwisho lazima iangukie kwenye 12 kamili. Ikipita kidogo, cheni imechoka. Ikipita sehemu ya nane ya inchi, jua na meno ya spoketi yameliwa na utanunua vyote. Halafu bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia mgongano pale shingoni gololi zimelegea au zimekwisha. Nyanyua gurudumu, lizungushe, ulitazame linavyopita karibu na raba ya breki. Shika krenki uitikise kwa pembeni. Mwisho pitisha kidole chini ya rangi pale mabomba ya fremu yanapokutana na foku. Rangi mpya kwenye baiskeli kuukuu inaficha kitu, sijawahi kuona ikikosea.

Huku kwetu ongeza na maji. Baiskeli iliyopita mafuriko ya bonde, iliyolala kwenye matope ya majaruba, inaweza kung'aa nje huku habu zikiwa kutu tupu. Zungusha ekseli kwa vidole viwili tu. Ikikwaruza kama imejaa mchanga, ni kwa sababu imejaa mchanga.

Wizi nao. Namba ya fremu huwa imegongwa chini ya krenki au kwenye bomba la kiti. Ikiwa imesuguliwa kwa tupa, muage muuzaji kwa heshima uondoke. Ikiwa ipo, andikishianeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na namba hiyo iandikwe kwenye karatasi. Muuzaji anayekwambia mwenyekiti ana maneno mengi, kakujibu tayari.

Imebaki sababu moja, na hii sikufundishwa na fundi yeyote.

Baada ya ile ya bluu kunishinda niliamua kuwa na akili. Nikatafuta Phoenix, nyeusi, breki za fito, keria pana nyuma. Ilikuwa mwezi wa pili. Kila mwenye shamba huku anaujua mwezi wa pili: mpunga uko shambani unataka palizi, ghala limebaki harufu, mvua inapiga, mtoto ana homa. Jirani mmoja, mzee wa heshima zake, akaniuzia yake kwa elfu sitini. Nikaikagua kwa rula kama nilivyowaambia hapo juu. Cheni nzima, fremu imenyooka, karatasi kwa mwenyekiti, kila kitu. Nikatangaza kwa marafiki kwamba safari hii nimeokota dodo.

Mwezi wa sita nikawa naipita njia ya mashambani jioni, niko juu ya hiyo Phoenix. Mbele yangu anatembea mke wa yule mzee, debe la mpunga kichwani. Nyuma yake mzee mwenyewe, kiroba begani. Magunia mengine yalikuwa bado shambani yanasubiri pikipiki ya kukodi, na kodi ya pikipiki wakati wa mavuno mnaijua. Miaka yote alikuwa anafunga gunia zima kwenye keria, anasukuma taratibu, anarudi kuchukua jingine.

Nikashuka nikamwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi, bado inakimbia?"

Hakusema kwa kinyongo. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mtoto aliyeolewa mbali. Nikamwambia inakimbia. Nikaipakia mizigo yao mpaka nyumbani, na kesho yake nikamwazima kwa wiki mbili mpaka mavuno yakaisha. Halafu nikaichukua tena. Sikumrudishia. Nasema hivyo ili msinione mtakatifu.

Nimejibishana na nafsi yangu sana juu ya hili. Upande mmoja unasema: nisingenunua mimi angenunua mwingine, tena kwa elfu hamsini, na yule mtoto mwenye homa asingesubiri. Ni kweli. Upande wa pili unasema: bei ile haikuwa bei ya baiskeli, ilikuwa bei ya mwezi wa pili. Baiskeli ile ile mwezi wa saba, watu wakiwa wameuza mpunga, isingenunulika chini ya laki. Hiyo elfu arobaini ya tofauti niliyojisifia haikutokana na ujanja wangu wa kukagua cheni. Ilitoka kwenye mavuno ya mtu.

Na huku baiskeli sio pambo. Ukifika Ifakara utamwona nesi anakwenda zamu kwa baiskeli, mwalimu, bibi wa miaka sabini na kitenge chake, binti anakwenda sekondari. Bodaboda zimejaa, sawa, lakini bodaboda inataka hela kila asubuhi, na baiskeli inataka kiraka mara moja moja. Anayeuza baiskeli yake kwa njaa anauza na nauli ya mwaka mzima.

Sasa msimamo wangu, mnaweza kunipinga. Anayeanza, mwenye hela kidogo, anunue baiskeli ambayo fundi wa chini ya mwembe hapo hapo kijijini anaweza kuifufua kwa vitu vilivyopo dukani. Akitaka mbio, aivue hiyo hiyo keria, mudigadi na boksi la cheni, abaki na mfupa, aone kama bado anazipenda mbio baada ya miezi sita. Na akinunua wakati wa njaa, alipe bei ya mavuno. Au wakubaliane iwe rehani: akirudisha hela yake hadi mwisho wa mwezi wa saba, anachukua baiskeli yake. Inaandikika kwenye karatasi ile ile ya mwenyekiti.

Yote haya nilimwambia mdogo wangu. Jumamosi akaenda Ifakara na fundi wa pale kwao. Jioni akanitumia picha: rula imelala juu ya cheni, pini imeipita 12 waziwazi, na picha nyingine ya ubavu wa tairi, 622. Laki na nusu ikapona.

Juzi kanipigia tena, sauti ya furaha. Kapata Phoenix hapo hapo Mchombe. Elfu hamsini na tano, fremu safi, mwenye nayo ana haraka. Nikamuuliza ya nani. Alipomtaja nilimfahamu, ana watoto wanne na ekari mbili za mpunga ambazo hazijapaliliwa.

Nikamwambia mpe tisini, na muandike kuhusu mwezi wa saba.

Akacheka sana. "Kaka, wewe mwandishi wa habari bwana, biashara huijui." Simu ikakata, sijui ni mtandao au ni yeye. Kesho ndiyo wanakwenda kwa mwenyekiti.