Thimlich Ohinga iwe kwanza darasa la watoto wa ziwa

Mwanafunzi wa sekondari jijini Kisumu anaweza kukueleza jinsi mafuriko ya mto Nile yalivyoilisha Misri ya kale, na akamtaja Khufu, mfalme aliyejengewa piramidi kubwa ya Giza yapata miaka 4,500 iliyopita. Misri hiyo haiko mbali naye sana. Maji ya Ziwa Victoria analoliona kila siku hutokea Jinja, yakashuka na Nile hadi Cairo. Lakini mwulize kuhusu Thimlich Ohinga, maboma makubwa ya mawe yaliyo kaunti ya Migori, mashariki mwa ziwa lilo hilo, na mara nyingi hatakuwa na la kusema.

Kosa hilo si la mwanafunzi. Ni la watu wazima wanaopanga ziara za shule, wanaogawa bajeti za kaunti na wanaozungumzia utalii wa magharibi mwa Kenya kana kwamba mgeni anayestahili kuandaliwa ni yule tu anayeshuka na ndege kutoka Ulaya. Mgeni huyo akaribishwe akija. Hata hivyo, mtu wa kwanza ambaye Thimlich Ohinga inapaswa kutengenezewa njia ni mtoto wa Nyalenda, wa Kondele, wa Ahero, wa Mbita na wa Migori yenyewe.

Mnamo Juni 2018 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ilipokutana Manama, Bahrain, iliiingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia. Mahali hapa pakawa safu moja na Mji Mkongwe wa Lamu, Fort Jesus ya Mombasa na misitu ya kaya za Wamijikenda. Kila Mkenya amesikia habari za Fort Jesus. Kuta za Migori zinakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, karne ile ile ambayo Wareno walianza kuijenga Fort Jesus, mwaka 1593. Fort Jesus ilichorwa na msanifu kutoka Italia na kujengwa kwa amri ya mfalme wa mbali. Thimlich Ohinga ilipangwa na kujengwa na wafugaji na wakulima wa hapa hapa, kwa mawe waliyoyaokota kwenye vilima vyao.

Eneo lililohifadhiwa lina ukubwa wa hekta 21, na ndani yake mna maboma manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zake zina kimo cha mita moja na nusu hivi mahali pengine, na kwingine hupita mita nne. Malango ni madogo na ya chini. Aliyetaka kuingia ilimlazimu ainame, kichwa kikitangulia, na walinzi waliokaa karibu na lango walikuwa na nafasi ya kutosha ya kumtambua kabla hajasimama wima. Ndani bado yanaonekana mabonde madogo yaliyoachwa na nyumba, mabaki ya mazizi ya ng'ombe na dalili za uhunzi wa chuma. Ile miti mirefu ambayo Wajaluo huiita bondo, na ambayo mji wa Bondo una jina lake, imejiotea katikati ya mawe.

Ufundi wa kuta hizi ndio unaopaswa kumleta hapa kila mwalimu wa fizikia. Hazina saruji, hazina chokaa, hazina hata udongo wa kuziunganisha. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Wajenzi waliinua nyuso mbili za ukuta, ya nje na ya ndani, kwa mawe yaliyopangwa kwa uangalifu, kisha wakajaza katikati mawe madogo yanayoshikana kama meno na kuzifunga nyuso hizo mbili pamoja. Juu ya malango walilaza mawe mapana yanayobeba uzito wa ukuta ulio juu yake. Ukuta wenyewe haukunyooka, umekwenda ukipinda, na mpindo huo unausaidia kusimama. Uzito, msuguano, mgawanyo wa nguvu: mambo ambayo mwanafunzi hukariri kutoka ubaoni ili afaulu mtihani, hapa anaweza kuyatazama yakifanya kazi yaliyoianza miaka 400 na ushei iliyopita.

Nao wajenzi hawakuwa wa mahali pamoja tu. Watafiti wameorodhesha maeneo 138 yenye maboma 521 ya mawe katika ukanda huu wa ziwa. Thimlich ndiyo kubwa kuliko yote na iliyohifadhika vizuri zaidi. Upande wa Siaya, ambako mawe ya kuokota si mengi, watu walijilinda kwa mahandaki na kingo za udongo zinazoitwa gunda buche. Kwa hiyo aliyezoea kusikia kwamba historia ya bara ilianza reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 anakuta hapa watu waliokuwa na mpango wa makazi, ulinzi wa mifugo, viwanda vya chuma na utaratibu wa kuishi kwa ukoo, karne tatu kabla ya garimoshi.

Liko jambo jingine linaloifanya Thimlich iwe muhimu hasa kwa Kenya ya leo. Kuta hizi hazina mwenyewe mmoja. Utafiti wa wanaakiolojia, akiwamo Isaya Onjala aliyefanya kazi hapa kwa miaka mingi, unaonyesha kwamba jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, zilipokezana maboma haya. Kundi moja lilipohama, lililofuata liliingia, likakarabati palipobomoka, likaendelea kuishi. Watu waliishi ndani ya maboma ya aina hii hadi karne ya 20. Katika eneo ambalo kila uchaguzi huleta maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni, mtoto wa Kijaluo, wa Kisuba, wa Kikuria na wa Kiluhya wakisimama pamoja Kochieng watajifunza jambo ambalo hotuba za jukwaani hazijaweza kuwafundisha: waliotangulia walirithishana nyumba na kutunza kazi ya wenzao.

Kufika huko kunawezekana. Kutoka Kisumu barabara hupita Ahero na Katito, ikashuka Kendu Bay karibu na ziwa Simbi Nyaima, ikafika Homa Bay. Kutoka hapo ni Rodi Kopany, kisha Ndhiwa, na baadaye njia za vumbi kuelekea upande wa Migori. Wakati wa mvua kipande hicho cha mwisho ndicho kinachowatia hofu madereva wa mabasi ya shule. Anayetoka mjini Migori ana kilomita kama 46 kuelekea kaskazini-magharibi. Safari ya Mombasa, ambayo shule nyingi huichangisha kwa miezi, huwapitisha watoto nchi nzima hadi pwani.

Watakaopinga wana hoja, na hoja zao zisipuuzwe. Mzazi wa kawaida wa Kisumu ana karo, sare na chakula cha kulipia kabla ya kufikiria ziara. Mwalimu mkuu atauliza vyoo viko wapi, maji ya kunywa yako wapi, na mtoto akiumwa na nyoka hospitali iko umbali gani. Wengine watasema kwa uwazi kwamba mawe hayavutii kama bahari. Hoja mbili za kwanza ni za haki, na zinapaswa kujibiwa na serikali za kaunti na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo ndiyo yanayosimamia eneo hili. Hiyo ya tatu inatokana na kutofika. Hakuna mtoto aliyewahi kuingia kwa kuinama kwenye lango la Kochieng, akainua kichwa na kuona ukuta unaomzidi baba yake mara mbili, ambaye atahitaji kushawishiwa zaidi.

Misri yenyewe inatoa funzo hapa. Nchi hiyo ingeweza kutosheka na Giza, maana dunia yote hukimbilia huko. Lakini mwaka 2019 iliwafungulia tena wageni piramidi iliyopinda ya mfalme Sneferu huko Dahshur, kusini mwa Cairo, ambayo ndani yake palikuwa pamefungwa tangu 1965. Piramidi hiyo ilibadilishiwa mwinamo katikati ya ujenzi, na kwa sababu hiyo inamwonyesha mtazamaji jinsi wajenzi wa kale walivyofikiri, walivyokwama na walivyojirekebisha. Wamisri wameelewa kwamba kilicho pembeni mara nyingi hufundisha kuliko kilicho mashuhuri. Kenya ina kuta ambazo vizazi vingi vilizirekebisha, na inaziacha zisomwe na watafiti tu.

Zimbabwe inatoa funzo chungu zaidi. Kuta za Great Zimbabwe zilijengwa bila saruji kati ya karne ya 11 na ya 15. Lakini wakoloni walieneza uvumi kwamba waliozijenga walikuwa Wafoinike, au malkia wa Sheba, yeyote yule ilimradi asiwe Mwafrika. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 akathibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika, na kabla yake David Randall-MacIver alikuwa amesema hivyo hivyo mwaka 1905. Hata baada ya hapo utawala wa Ian Smith ulizidi kuwabana watafiti waliousema ukweli huo. Taifa huru lilipozaliwa mwaka 1980 lilijipa jina la kuta hizo. Watu wa Ziwa Victoria hawajanyang'anywa historia yao kwa namna hiyo. Lakini historia ambayo wenyewe hawaifikii, hawaisimulii na hawaifundishi hubaki wazi kwa yeyote anayetaka kuisimulia atakavyo.

Na kuta zenyewe hazingoji. Ukuta usio na saruji huishi kwa kukarabatiwa. Mzizi wa mti ukiingia kati ya mawe hulisukuma jiwe, jiwe likianguka mwanya hubaki, mbuzi wakipanda mwanya hupanuka, na mvua ya masika humalizia. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund la New York liliiweka Thimlich katika orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini. Zamani aliyeishi ndani ya boma alikuwa pia fundi wake: jiwe likianguka asubuhi, hurudishwa. Tangu watu walipohama, kazi hiyo imebaki kwa wafanyakazi wachache wa makavazi. Kadiri wakazi wa jirani wanavyopata faida ndogo, ndivyo mkono wa kuziinua unavyopungua, na kijana mwenye ujuzi wa kupanga mawe hayo leo ni haba.

Ndiyo maana ziara za shule si anasa. Basi moja la wanafunzi huleta ada ya kiingilio, kazi kwa kijana anayeongoza wageni, soko kwa mama anayeuza maandazi na samaki, na abiria kwa wa bodaboda. Mabasi yakija kila wiki ya muhula, mkazi wa jirani atakuwa na sababu ya kuzilinda kuta, na mtoto wa jirani atakuwa na sababu ya kujifunza ufundi wa kuzijenga upya.

Kisumu ina nafasi ya kuongoza jambo hili. Jiji lililoandaa mkutano wa Africities mwezi Mei 2022 haliwezi kushindwa kupanga ziara za watoto wake. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, tayari yana mfano wa boma la Kijaluo, ber-gi-dala, wenye nyumba za mwenye boma, za wake zake na za mwanawe. Watoto waanzie hapo asubuhi ya ziara, waelezwe boma la familia lilivyopangwa, kisha wapelekwe kusini wakaone boma la jamii nzima. Wenye siku ya ziada wavuke hadi kisiwa cha Mfangano kutazama michoro ya kale kwenye miamba, au wapite Rusinga, mahali Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948.

Serikali za kaunti za Kisumu, Homa Bay na Migori zinaweza kukaa meza moja na kukubaliana mambo manne katika bajeti ijayo: kutengeneza kipande cha vumbi kipitike hata wakati wa mvua, kuweka mabango ya kuelekeza kuanzia Rodi Kopany, kujenga vyoo na tangi la maji kwenye lango, na kulipia mabasi ya shule za umma zisizo na uwezo. Makavazi ya Kitaifa nayo yaanzishe mafunzo ya kupanga mawe kwa vijana wa jirani, wapewe vyeti na mishahara. Wizara ya Elimu iandike Thimlich Ohinga katika vitabu vya jamii na historia kwa kurasa zake yenyewe, ikiwa na michoro ya kuta na ramani ya maboma manne, ili mwalimu wa Nyakach au wa Muhoroni asilazimike kuitafuta mwenyewe.

Muhula wa kwanza wa mwaka ujao unatosha kuanza. Shule kumi za Kisumu, kila moja na darasa moja, zikienda kabla ya mvua za masika kuanza, kaunti zitajua mapema barabara inakwamia wapi, maji yanapungua saa ngapi na ni vijana wangapi wa jirani wanaoweza kuongoza wageni. Hapo mpango wa muhula wa pili utaandikwa na watu waliokwisha kufika.