Mnaoucheka waya wangu, nisikilizeni kwanza

Tangu nitume ile picha ya waya uliopita darini sebuleni kwangu, simu haipumziki. Mjomba anauliza kama Marekani kamba za kuanikia nguo hufungwa ndani. Kaka anasema mwenye WhatsApp anatafuta nini kwenye redio. Haya, leo nawajibu, na sitawabembeleza.

Ule waya ni antena ya redio ya ridhaa. Yaani mtu wa kawaida anafanya mtihani, anapewa leseni, kisha anaongea na wenzake duniani bila kampuni yoyote katikati. Hapa mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35, ukipata 26 umepita, na wala si lazima uwe raia.

Antena yenyewe inaitwa dipoli. Gawa 143 kwa megahezi unazotumia, utapata urefu wa waya kwa mita. Mimi natumia 28.4, kwa hiyo ni mita 5 na kidogo tu. Unaukata katikati, na hapo unaunga kebo: waya wake wa kati upande mmoja, wavu wa nje upande wa pili. Anza na mrefu kidogo, kisha punguza kidogo kidogo kila ncha huku ukitazama mita ya SWR, maana kuta na mabomba huuvuruga. Ncha ziwe mbali na mikono ya watoto, zina volti kali ukirusha. Na nguvu usizidishe, unalala nayo nyumba moja.

Kwa nini ndani? Hapo ndipo ninapokasirika. Tangu 1999 sheria ya FCC inakulinda hata ukiwa mpangaji ukiweka dishi la televisheni la hadi mita 1 kwenye roshani yako mwenyewe, mwenye nyumba apende asipende. Redio ya ridhaa haimo. Basi sinia zima la kutazamia mpira ni haki yangu, lakini waya mwembamba kama mshipi wa kuvulia eti unaharibu sura ya jengo! Mkataba wangu wa pango unakataza, nami nimejificha darini.

Sasa WhatsApp yenu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mtandao ukawa wa kusuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa Tanzania, na kwa siku kadhaa nilitazama tiki moja tu kwenye kila ujumbe niliomwandikia mama. Mlicheka siku hizo?

Msiniambie kwamba hata redio isingenisaidia. Najua! Isingesaidia kwa kuwa hakuna hata mmoja wenu mwenye leseni, na mimi siwezi kuongea peke yangu. Ndiyo, 28.4 hutegemea jua, siku nyingine ni kimya kitupu, na kila mtu anasikia unachosema, kwa hiyo siri za ukoo hazihusiki. Lakini TCRA inatoa leseni, na vituo vya 5H vipo hewani.

Kaka, wewe unatengeneza redio za mtaa mzima. Ulizia hiyo leseni wiki hii, halafu nipe urefu wa dari yako.