Neno LOL

Twaulizwa jinsi ya kulitamka neno LOL, ambalo vijana huliandika katika simu zao. Hizo ni herufi za kwanza za maneno matatu ya Kiingereza, maana yake kucheka kwa sauti. Wako wazitajao herufi moja moja, el-o-el. Wako walisomao kama neno moja, lol, kwa o fupi. Yote mawili hukubaliwa. Ila tusitie i mwishoni, tukalifanya lori! Kamusi ya Oxford ililiingiza mwaka 2011.

Lakini matumizi yake yana hatari kuliko matamshi. Huko Uingereza wako waliodhani kwamba maana yake ni upendo mwingi. Mwaka 2012, mbele ya tume ya Leveson, Rebekah Brooks alieleza kwamba Waziri Mkuu David Cameron mara nyingine alikuwa akimaliza ujumbe wake wa simu kwa LOL, akidhani hivyo, mpaka alipoambiwa maana yake. Hao walikuwa wakisalimiana tu. Je, mfiwa akipokea, “Pole kwa kufiwa na mama, LOL”? Atajiona anachekwa kaburini. Walimu, waelezeni wazee wanaofundishwa simu na wajukuu wao.