Daraja la Jangwani na mchanga wa Pugu

Na Rehema Mkwizu

Kila masika mvua ikikolea, Dar es Salaam nzima hupashana habari ileile: Jangwani pamefungwa. Mabasi ya mwendokasi yanageuzia njiani, daladala zinatafuta pa kuzungukia, na wa Magomeni mwenye mgonjwa Muhimbili anahangaika.

Daraja jipya la mita 390 linalojengwa hapo nimelipokea kwa mikono miwili. Kwa miaka mingi Barabara ya Morogoro imevuka bonde la Mto Msimbazi juu ya tuta, maji yakiachiwa uwazi mdogo chini yake. Maji yakizidi uwazi huo hurudi nyuma kwenye nyumba za watu, kisha hupanda barabarani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya msiba ule bado tukajenga karakana ya mwendokasi bondeni humohumo! Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na haikuchukua muda yakazama kwenye tope. Lilikuwa kosa kubwa, nalo limelipwa kwa fedha za wananchi.

Lakini daraja refu peke yake halitoshi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita Gongo la Mboto na Vingunguti hadi baharini. Njiani unazoa udongo wa miteremko iliyokatwa miti na viwanja vilivyochimbuliwa, pamoja na taka zetu. Ukifika Jangwani, ardhi ni tambarare, maji hupunguza mwendo na mchanga hutua. Mwaka hadi mwaka sakafu ya mto inapanda, na nafasi chini ya daraja inapungua.

Mto huohuo unapomalizikia kuna Daraja la Selander, lililojengwa 1929 na kupewa jina la mhandisi wa serikali ya kikoloni, John Einar Selander. Mwaka 1980 lilijengwa upya kwa msaada wa Japani, na 2022 likafunguliwa la Tanzanite kando yake, juu ya bahari. Mara zote tatu tulihesabu magari. Mto hatukuuhesabu.

Safari hii angalau umehesabiwa. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, unahusu pia kupanua na kuchimba mto, na wakazi wengi wa bondeni wamelipwa fidia wakahama. Ila mkopo una mwisho wake, na mchanga wa Pugu utaendelea kushuka kila masika.

Waheshimiwa wabunge wa Dar es Salaam, katika bajeti ijayo tuonyesheni fungu la kuzoa mchanga Jangwani kila mwaka: ni shilingi ngapi, na ofisi ipi itawajibika zisipotumika. Na Kisarawe wapewe fedha za kurudisha miti kwenye vilima vyao, kwa sababu Jangwani inaokolewa kuanzia huko.