Shindano la insha juu ya Mudimbe: Likasi ianze na vitabu

Mwandishi Valentin-Yves Mudimbe alifariki Marekani tarehe 21 Aprili 2025, akiwa na miaka 83. Likasi, mji alimozaliwa ungali ukiitwa Jadotville, ina sababu ya kumkumbuka kwa shindano la insha katika shule za sekondari.

Kuandika si kikwazo: wanaomaliza sekondari hutunga insha ya Kifaransa katika mtihani wa serikali. Kikwazo ni kitabu. Riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux, ilichapishwa Paris mwaka 1973. Mwanafunzi asiyeipata atanakili maisha ya mwandishi kutoka kwenye simu, na wasahihishaji watasoma insha moja mara mia.

Hasara ingekuwa kubwa. Riwaya hiyo inamhusu Pierre Landu, padri anayejiunga na waasi akitafuta haki. Katika Kongo ambamo vikundi vyenye silaha bado vinaingiza vijana, swali lake halijazeeka: je, bunduki huleta haki?

Basi wafadhili wanunue nakala kwanza kabla ya kutangaza zawadi. Wanafunzi wasome kwa zamu, kisha waulizwe juu ya Landu. Hapo atashinda aliyesoma.